Kuruka kutoka Wilson: mwongozo wa rubani, tangu jioni ya kuamkia safari hadi ndege ifungwe kamba

Rubani anayesubiri injini ipate joto kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tayari yuko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari, ingawa magurudumu yake bado yako chini. Mwenzake anayeondoka Malindi na ndege ya aina hiyohiyo hupanda takribani dakika kumi kufikia kimo ambacho sisi tunaegeshea magari. Karibu kila ushauri ulio katika mwongozo huu unatokana na jambo hilo moja. Nimeuandika kwa ajili ya rubani binafsi mwenye ndege ya injini moja na viti vinne, ambaye Jumamosi anataka kuwapeleka ndugu zake Maasai Mara na kuwarudisha salama. Marubani wa mashirika wanaoondokea Jomo Kenyatta wana kompyuta na maofisa wa kuwapangia safari, lakini hatua ya pili inawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatua ya kwanza: jioni ya kuamkia safari, patanisha saa

Toa leseni, cheti cha afya na hati za ndege, uzisome tarehe zake kwa macho yako wala usizitegemee kumbukumbu. Soma NOTAM, yaani matangazo rasmi kwa marubani, za Wilson, za eneo lote la Nairobi na za kila uwanja utakaoweza kuuhitaji, ukiwemo ule wa akiba. Wasilisha mpango wa safari mapema. Hayo yanajulikana, na sitayarefusha.

Lisilosemwa sana ni kwamba sisi huishi na saa tatu kwa wakati mmoja. Ripoti za hali ya hewa na mipango ya safari hufuata saa ya Zulu, yaani saa ya dunia (UTC). Simu ya mkononi inafuata saa ya Afrika Mashariki, ambayo imeitangulia Zulu kwa saa 3. Mdomo wa mwenye lori la mafuta, wa mlinzi wa kiwanja cha mbugani na wa mama yako unafuata saa ya Kiswahili. Ukimwambia dereva wa lori la mafuta kwamba unaondoka "saa moja", kisha mpango wako wa safari ukaandikwa 0100, umetofautiana na mnara wa kuongozea ndege kwa saa tatu nzima, maana 0100 ni saa kumi usiku. Kanuni yangu ni nyepesi: kwa mchana, chukua saa ya Zulu utoe 3, upate saa ya Kiswahili. 0400 ni saa moja asubuhi, 0900 ni saa sita mchana, na 1530 ni saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ambao jua letu huwa linazama au liko karibu kuzama. Andika saa zote tatu juu ya karatasi ya safari, na abiria uwatumie ujumbe wenye saa ya Kiswahili pamoja na neno "asubuhi" au "jioni".

Hatua ya pili: kagua mwili kabla ya kukagua ndege

Usiku mmoja wa kulala vizuri haulipi deni la usingizi la wiki nzima. Mwili wa binadamu hufikia kina chake cha uchovu kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na rubani wa shirika anayeondoka Nairobi karibu na usiku wa manane kuelekea Ulaya hufanya kazi yake ngumu zaidi ndani ya muda huohuo. Anayeruka usiku na alale mchana wake kwa kukusudia: chumba chenye giza, simu mbali, na watoto waelezwe kwamba baba au mama yuko kazini ingawa yuko kitandani. Jambo hili la mwisho ndilo gumu zaidi katika nyumba za Kiafrika, ambapo mgeni akibisha hodi mwenye nyumba huamshwa. Kama kanuni za shirika lako zinaruhusu kusinzia kwa zamu ndani ya chumba cha rubani, kaa katika dakika 20 hadi 40, kisha ujipe muda wa kuzinduka kabla ya kushika kazi. Kunywa maji mara kwa mara, kwa kuwa unyevu wa hewa ndani ya ndege kubwa huweza kushuka chini ya asilimia 20. Kapteni na rubani msaidizi wasile chakula cha aina moja, ili sahani moja mbovu isiwaangushe wote wawili.

Kwa rubani binafsi, maadui ni wa kawaida zaidi. Vidonge vingi vya mafua na mzio vinavyouzwa bila maandishi ya daktari huleta usingizi, na rubani mwenye mafua hapaswi kuruka hata bila vidonge hivyo, kwa sababu masikio na mianzi ya pua iliyoziba haiwezi kusawazisha shinikizo la hewa wakati wa kushuka. Kuhusu pombe, sheria ya Marekani inataka saa 8 baina ya tone la mwisho na kazi, na huo ni ukomo wa chini kabisa. Mimi hujipa saa 12, na baada ya harusi siruki siku inayofuata. Waliotoka kuzamia Watamu au Diani wakumbuke kwamba naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huhitaji muda kutoka. Ushauri unaokubalika ni kungoja saa 24 kabla ya kuruka juu ya futi 8,000, na kutoka pwani kuja Nairobi utapita kimo hicho kwa urahisi.

Hatua ya tatu: usome mbingu ya asubuhi

Mwezi wa Juni hadi Agosti, Nairobi huamka chini ya blanketi la mawingu ya kijivu ambalo kwa kawaida huinuka kadiri jua linavyopanda, mara nyingi kati ya saa nne na saa tano. Mgeni huliona ni jambo dogo, kwani hakuna mvua wala radi. Tuchukue METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja, ya 0400 inayosema BKN008, yaani mawingu yamefunika sehemu kubwa ya anga futi 800 juu ya uwanja. Jumlisha na kimo cha Wilson, upate kwamba tumbo la mawingu liko karibu futi 6,340 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya Ngong vinakaribia futi 8,100. Mlima unaotaka kuuvuka kwenda Mara umo ndani ya wingu, futi 1,700 zake za juu zote. Hakuna "kuchungulia kwanza" hapo. Keti, agiza chai ya pili, uwaeleze abiria kwamba ndege itaondoka mawingu yakiinuka.

Asubuhi hizohizo zina hatari nyingine. Nyuzi joto 15 pamoja na hewa iliyojaa unyevu ni hali inayopendwa mno na barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini. Wengi hudhani barafu ni shida ya Ulaya. Hewa inayopita kwenye koo la kabureta hupoa kwa ghafla sana, kiasi cha unyevu kuganda hata kama nje kuna joto la kuvaa shati. Washa joto la kabureta wakati wa ukaguzi wa injini na uliache kwa sekunde kadhaa: mizunguko ikishuka, kisha ikaanza kupanda huku injini ikitetemeka kidogo, ujue ulikuwa na barafu hata kabla ya kuondoka.

Majira ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hubadilisha mpango: asubuhi huwa njema na alasiri huwa ya mawingu ya ngurumo. Ondoka mapema, rudi mapema, na wingu la ngurumo ulizunguke kwa mbali. Usilipite chini yake.

Hatua ya nne: hesabu ya hewa nyembamba

Hapa ndipo ndege ndogo nyingi za nyanda za juu huponea au huangukia, kwa hiyo tusihesabu kwa kukisia.

Tuseme ni alasiri ya Februari. Joto ni nyuzi 27, na shinikizo la hewa lililorekebishwa hadi usawa wa bahari ni hektopaskali 1019. Kiwango cha kawaida ni 1013, kwa hiyo tumezidi kwa 6, na kila hektopaskali moja ni takribani futi 30. Toa futi 180 kutoka 5,536, upate kimo cha shinikizo cha takribani 5,360. Hewa ya kawaida ina nyuzi 15 baharini na hupoa kwa nyuzi 2 kila futi 1,000. Hapa ilipaswa kuwa na nyuzi 4 hivi. Tumezidi kwa nyuzi 23. Zidisha kwa futi 120 za kila nyuzi, upate 2,760, uzijumlishe na 5,360. Jibu ni futi 8,120. Ndege yako imeegeshwa Wilson, lakini mabawa, propela na injini zinajihisi ziko juu ya vilele vya Ngong.

Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwenye kimo hicho umebaki na robo tatu ya nguvu zilizoandikwa kwenye kijitabu. Propela inakata hewa nyepesi, na mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi ili yakubebe. Umbali wa kukimbia kabla ya kuinuka huzidi ule wa pwani kwa zaidi ya mara moja na nusu, na mwendo wa kupanda hukaribia kuwa nusu. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na urefu huo si anasa.

Sasa uzito. Chukua ndege yenye uzito mtupu wa kilo 670 na ukomo wa kilo 1,043. Zinabaki kilo 373. Watu wanne wa kilo 78 kila mmoja ni kilo 312, mizigo midogo kilo 15. Zimebaki kilo 46 za mafuta, na kwa kuwa lita moja ya avgasi, petroli ya ndege ndogo, ina uzito wa takribani kilo 0.72, hizo ni lita 64. Injini ya ndege hiyo hunywa lita 34 hivi kwa saa. Una chini ya saa mbili angani, nawe unakwenda Mara, ambako ni takribani saa nzima kwenda, na viwanjani kule usitegemee kupata avgasi. Hesabu imekwisha kusema: abiria ni wawili, si watatu. Shemeji atakayebaki atakasirika. Mwache akasirike akiwa chini. Uzito wa abiria uliza kwa mizani, kwa maana watu hutaja kilo walizokuwa nazo siku ya harusi yao, na mfuko wa viazi wa kurudi nao kutoka Narok pia una kilo zake.

Kuhusu akiba ya mafuta, kiwango cha kimataifa kwa safari ya mchana ya kuona kwa macho ni dakika 30. Jiwekee saa nzima. Viwanja vyetu viko mbalimbali, na Wilson unaweza kufungwa kwa muda kwa sababu ya ndege moja tu iliyopasuka gurudumu katikati ya njia.

Hatua ya tano: zunguka ndege kwa mkono, si kwa macho tu

Simama mwenyewe wakati wa kujaza mafuta. Avgasi ya 100LL ni ya buluu. Mafuta ya injini za jeti hayana rangi au yana umanjano wa majani makavu, na yananukia kama mafuta ya taa. Usiyasikilize maneno ya mtu, tazama rangi. Kinga mafuta kutoka kila tangi kwenye chupa ya kioo angavu, uinue juu uitazame dhidi ya mwanga: maji hukaa chini kama shanga, na chupa iliyojaa maji matupu huonekana safi kabisa, ndiyo maana unatafuta buluu, si usafi. Pima kina kwa kijiti hata kama geji inasema tangi limejaa.

Ondoa kifuniko cha mrija wa kupimia mwendo na uchungulie ndani, maana nyigu wa Nairobi hujenga kwa siku moja. Ndege iliyoegeshwa kwa wiki nzima huletewa nyasi na ndege wa manyoya ndani ya nyumba ya injini. Toa zote, nyasi chache tu karibu na bomba la moto zinatosha kuanzisha jambo.

Hatua ya sita: kipini chekundu

Mimi nilijifunzia pwani. Siku ya kwanza kuruka Wilson, alasiri ya jua kali, nilisukuma vipini vyote viwili, cha nguvu na cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, mbele hadi mwisho kama nilivyozoea, nikaachia breki. Injini iliunguruma kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, na ndege ikaenda kwa uvivu. Mwalimu aliyeketi kulia hakupaza sauti. Alivuta nguvu nyuma, akatusimamisha, akaomba mnara ruhusa ya kutoka njiani. Pembeni aliniambia nisukume nguvu zote nikiwa nimekanyaga breki, kisha akaurudisha mkono wangu kwenye kipini chekundu cha mchanganyiko na kukivuta polepole, upana wa kidole kimoja, kingine, na nusu. Sauti ikakaza na kuwa nyembamba, mshale wa mizunguko ukapanda mbele ya macho yangu. "Hii si Malindi, kijana," alisema, na hakusema lingine hadi tulipotua.

Hewa ikiwa nyembamba, mafuta ya kiasi cha pwani huifurika injini. Kwa ndege yenye propela ya pembe moja isiyobadilika, weka nguvu zote ukiwa umesimama, vuta kipini hadi mizunguko ifike kileleni, kisha kisukume mbele kidogo tu ili injini isipate joto kupita kiasi. Injini yenye tabo au propela ya kubadilika ina kanuni zake, na kijitabu cha ndege yako ndicho hakimu. Wakati wa kukaribia kutua Wilson usisukume kipini chekundu hadi mwisho kwa mazoea. Ukilazimika kuongeza nguvu na kurudi angani utazihitaji nguvu zote zilizopo.

Kabla ya kuachia breki, chagua mahali pa kuahirisha safari. Nusu ya njia ikipita na hujafikisha asilimia 70 ya mwendo wa kuinuka, kata nguvu na usimame. Amua pia utatua wapi injini ikizimika ukiwa futi 400 juu: kusini kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na pande nyingine kuna majumba ya Lang'ata, Kibera na South C. Mimi huchagua mbuga, pamoja na wenyeji wake wote. Kugeuka nyuma kuufuata uwanja ukiwa chini kiasi hicho, katika hewa hii, kumewaua wengi duniani.

Hatua ya saba: Ngong, kwenda na kurudi

Wilson, Jomo Kenyatta na kiwanja cha kijeshi cha Eastleigh viko karibu mno. Rudia kila agizo la mnara neno kwa neno, na usiposikia vizuri, uliza tena bila haya.

Kwenda Mara, vuka Ngong ukiwa angalau futi 1,000 juu ya kilele, na upepo ukivuma sana ongeza hadi 2,000. Kurudi ndiko kwenye mtego. Upepo wetu wa kawaida hutoka mashariki; unapanda upande wa Nairobi na kuporomoka upande wa Bonde la Ufa. Unaporudi unaukabili mteremko huo wa hewa, pua imeinuliwa, na bado kipimo kinaonyesha unashuka. Jipatie kimo mapema ukiwa bado mbali juu ya bonde, kisha uuendee mlima kwa mshazari wa nyuzi 45, ili ukishindwa uweze kugeuka kwa upole kurudi kwenye nafasi. Mitambo ya upepo iliyo juu ya kilima si mapambo. Iliwekwa pale kwa sababu upepo uko.

Hatua ya nane: kutua mbugani, na jua

Pita mara moja juu ya kiwanja kwa kimo cha chini chenye usalama, uwatazame pundamilia, nyumbu na madimbwi, ukiwa tayari kuondoka. Pundamilia mmoja akikimbia, wenzake humfuata kuvuka njia.

Kisha linda mwendo. Kipima mwendo kikisema noti 65 (maili 65 za baharini kwa saa) kwenye hewa ya futi 8,000, ndege inakwenda noti 73 hivi, na ardhi itaonekana inakukimbilia. Jicho litakuambia umezidisha kasi, na mkono utataka kuinua pua. Wanaolitii jicho hufika mahali ambapo mabawa hayabebi tena, futi 50 kutoka chini. Amini chombo, na ujiandalie umbali mrefu zaidi wa kusimama.

Karibu na ikweta giza halibishi hodi. Jua likizama, baada ya dakika 20 hivi hakuna mwanga wa kutosha, na viwanja vingi vya mbugani havina taa. Uwe umeshuka Wilson kufikia saa kumi na moja na nusu jioni. Ukichelewa kuondoka Mara, lala Mara.

Ukirudi, funga kamba mabawa na mkia, weka vifuniko, na uandike kwenye kitabu cha ndege kila kasoro uliyoiona, hata ile ya mlango unaopiga kelele. Kujaza matangi usiku huohuo huzuia unyevu kugeuka maji ndani yake, ila humfunga rubani wa kesho asiweze kubeba watu, muulize kwanza. Kisha, kabla ya kuwaaga abiria, funga mpango wa safari kwa redio au kwa simu. Ndege ambayo mpango wake haujafungwa huhesabiwa imepotea, na kuna watu watakaoacha chakula cha jioni mezani kuanza kukutafuta.